Maswali ya Wasomaji: Dyuki wa Orléans, mateka wa miaka 25

Katika toleo lililopita tulitaja kwa sentensi mbili tu habari za Charles, dyuki wa Orléans, mwungwana wa Kifaransa aliyetekwa na Waingereza vitani mwaka 1415 na kurudi kwao mwaka 1440 na mashairi aliyoyatunga kifungoni. Barua zilizofuata zimetosha kujaza ukurasa huu wote, kwa hiyo mwezi huu maswali yote yanamhusu yeye. Neno dyuki, kwa asiyelizoea, ni cheo kikubwa kabisa chini ya mfalme, na aghalabu kilishikwa na jamaa wa damu wa mfalme, aliyepewa jimbo alitawale na kula mapato yake.

Assalaam alaykum. Mimi hutembeza wageni mjini Amu. Mmoja wao, Mfaransa wa makamo, alisimama gatini jioni akitazama ng'ambo ya Manda, akaniambia kwamba kwao alikuwapo dyuki aliyesimama pwani ya ugenini akiiona nchi yake ng'ambo ya maji asiweze kuvuka. Nami nikamhadithia Fumo Liyongo. Tukaagana kila mmoja akiamini kwamba visa hivi ni kimoja. Je, ni kimoja? Na mtu huyo alikosa nini hata akazuiliwa miaka yote hiyo? (Msomaji wa Mkomani, Lamu)

Wa alaykumu salaam. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua lile la kwanza. Charles hakukosa kitu. Hakushitakiwa, hakuhukumiwa, wala hakuna kadhi aliyeketi kumsikiliza. Alizuiliwa kwa sababu ya baba yake, ami yake na binamu zake, yaani kwa sababu ya shajara ya nasaba, na wewe unayeishi katika mji ambamo mtu huulizwa ni mtoto wa nani kabla ya kuulizwa jina lake, hutaliona jambo hilo kuwa la ajabu sana.

Alizaliwa Paris tarehe 24 Novemba 1394. Baba yake, Louis, alikuwa mdogo wake mfalme Charles wa Sita. Mama yake, Valentina Visconti, alikuwa binti wa mtawala wa Milan huko Italia. Mfalme yule alipatwa na wazimu mwaka 1392, wazimu wa kumjia na kumwondoka, na zilikuwapo nyakati alipoamini kuwa mwili wake ni wa kioo, akawakataza watu wasimguse asije akavunjika. Kiti kikiwa na mwenyewe asiyeweza kukikalia, jamaa zake wakaanza kukigombania. Waliogombana zaidi ni Louis na binamu yake Jean, dyuki wa Burgundy, na usiku wa tarehe 23 Novemba 1407 Louis alivamiwa katika barabara ya Vieille-du-Temple mjini Paris, akakatwakatwa na watu waliotumwa na Jean. Kesho yake Charles alitimiza miaka 13.

Yaliyofuata ni machungu kuliko mauaji yenyewe. Muuaji alikiri, kisha akamweka mwanachuoni wa dini, Jean Petit, asimame mbele ya wakubwa wa nchi mwezi Machi 1408 na kuthibitisha kwa hoja nyingi kwamba kumuua dhalimu ni halali na tena kuna thawabu. Mjane Valentina aliingia Paris amevaa nguo za msiba kudai haki ya mumewe, asiipate, akafa huko Blois mwezi Desemba mwaka huohuo. Hivyo Charles, kijana wa miaka 14, akawa mkubwa wa nyumba yenye wadogo wa kulea, madeni, na kisasi ambacho kila aliyemzunguka alimtazamia akilipe.

Hapa kuna jambo ambalo wasifu wengi hulipitia mbiombio, nami sipendi kulipitia. Katika vita vyao na Burgundy, Charles na wenzake waliwaalika askari wa Kiingereza waje kuwasaidia. Walipofika, jamaa walikuwa wamekwisha patana, na Waingereza hawakukubali kurudi mikono mitupu. Fedha hazikuwapo. Basi mwaka 1412 Charles akamtoa mdogo wake, Jean wa Angoulême, aliyekuwa bado mtoto, awekwe rehani mpaka deni lilipwe. Mtoto yule alikaa Uingereza zaidi ya miaka 30, mingi kuliko ya kaka yake. Anayemhurumia Charles, nami ni mmoja wao, na akumbuke kwamba kabla ya kutekwa alikuwa amekwisha mweka mwenzake kifungoni kwa mkono wake mwenyewe.

Vita vyenyewe vilipiganwa Agincourt, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 25 Oktoba 1415. Henry wa Tano wa Uingereza alikuwa na jeshi dogo lililochoka na kuugua, lakini lilikuwa na wapiga pinde kwa maelfu, na uwanja ulikuwa shamba lililolimwa karibuni, limelowa mvua ya usiku kucha, tena limebanwa na misitu pande zote mbili. Waungwana wa Kifaransa waliingia kwenye tope hilo wamevaa deraya za chuma kuanzia utosini hadi unyayoni. Walioanguka mbele wakaangukiwa na waliokuwa nyuma, na wengi walikufa kwa kukosa pumzi bila hata kuguswa na upanga. Charles alikuwa mstari wa mbele, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 21, na jioni alikutwa hai chini ya rundo la maiti. Siku hiyohiyo, Henry alipohofia kushambuliwa upya, aliamuru mateka wengi wauawe papo hapo. Waliobakizwa ni wale wenye thamani kubwa, na hapakuwa na mwenye thamani kumpita huyu.

Kwa desturi ya zama hizo, mwungwana aliyetekwa alikuwa kama mzigo wa biashara: jamaa zake wakilipa fidia, anarudi kwake. Wengi walirudi. Charles hakurudi kwa sababu wana wawili wa mfalme mwenye wazimu walikufa kwa mfuatano, mmoja mwezi Desemba 1415 na mwingine mwezi Aprili 1417, na baada yao alibaki mwana mmoja tu, kisha yeye Charles. Henry, ambaye kwa mapatano ya Troyes ya mwaka 1420 alikuwa ameahidiwa kuurithi ufalme wa Ufaransa, angewezaje kumrudisha kwao mtu aliyebakiza hatua moja kukifikia kiti hichohicho? Alipokuwa akikata roho mwaka 1422 aliwausia watu wake wasimwachilie.

Sasa Liyongo. Kwa masimulizi ya pwani yetu, Fumo Liyongo naye alifungwa Pate na mtawala aliyekuwa jamaa yake, kwa kuhofiwa kuwa angestahili kutawala, na hapo visa vyenu viwili vinakaribiana kweli. Lakini Liyongo alimwimbia kijakazi Saada amwambie mama yake aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, kisha akakereza minyororo yake huku watu wakipiga gungu nje. Shairi lake lilikuwa na kazi ya kufanya, likaifanya. Mashairi ya Charles hayakuwa na tupa ndani. Alitunga kwa mamia, na wala hakuna hata moja lililompunguzia kifungo kwa siku moja.

Na lile la pwani ni la kweli. Katika utungo wake mmoja maarufu anasema kwamba siku moja alikuwa Dover kando ya bahari, akatazama upande wa Ufaransa, akajikuta anashusha pumzi kwa kuyakumbuka mazuri ya huko, ingawa roho yake ilimwambia ni upumbavu kulia ilhali njia ya amani imeanza kuonekana. Mlango huo wa bahari, mahali ulipo mwembamba, una upana wa kilomita 33 hivi, na siku ya anga safi ng'ambo huonekana kwa macho. Si kama mkondo wa Manda ambao wewe huuvuka na wageni kabla kahawa yao haijapoa.

Kwako mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa shule ya sekondari Malindi. Mwalimu wetu alisema mateka wa zamani walitupwa shimoni. Je, huyu aliwekwa wapi, na chakula chake alilipia nani? Na wakati huo huku kwetu Malindi kulikuwa na nini? (Mwanafunzi, Malindi)

Marahaba, mwanangu. Shimo lilikuwapo, ila halikuwa la mtu mwenye thamani yake. Charles alikaa kwanza katika ngome ya London, kisha akahamishwa kutoka ngome hata ngome: Windsor, Pontefract, Fotheringhay, Bolingbroke, Ampthill, Wingfield na nyinginezo. Alikuwa na chumba, watumishi, katibu na vitabu, na watu wake wa Orléans walimletea fedha, nguo na mvinyo kwa hati maalumu za kupita salama. Alijifunza Kiingereza barabara. Alichonyimwa ni mlango. Kila alikokwenda palikuwa na mlinzi aliyeapishwa na serikali, na kila hali ya vita ilipobadilika ulinzi ulikazwa au ukalegezwa.

Katika ngome hizo, Pontefract ilikuwa na kijembe chake. Ndipo mahali alipofia mwaka 1400 Richard wa Pili, mfalme wa Uingereza aliyepinduliwa, na mjane wa Richard ndiye aliyekuja kuwa mke wa kwanza wa Charles. Na mlinzi wake wa Wingfield katika miaka ya 1430, William de la Pole, bwana wa Suffolk, alikuwa yeye mwenyewe ametekwa na Wafaransa huko Jargeau mwaka 1429. Mfungwa na mlinzi walielewana vizuri, jambo lisiloshangaza kwa watu wawili walioonja chungu kimoja.

Habari za Jargeau zinanileta kwa Joan wa Arc, ambaye huenda umemsoma, yule msichana wa Kifaransa aliyesema ametumwa na Mungu kupigana na Waingereza, na aliyekuwapo katika vita vya Jargeau. Waingereza waliuzingira mji wa Orléans kuanzia Oktoba 1428, na hata miongoni mwao wapo waliosema kwamba kuushambulia mji wa mtu uliyemfunga ni aibu kwa waungwana. Aliyeulinda mji ni Jean, ndugu wa Charles kwa baba, aliyezaliwa nje ya ndoa na kuitwa na watu wote Mwanaharamu wa Orléans, jina ambalo kwetu lingeleta ugomvi lakini kwao lilikuwa karibu na cheo, kwani lilitangaza ni damu ya nani. Joan alifika, na tarehe 8 Mei 1429 Waingereza wakauondokea mji. Joan alisema wazi kwamba kumkomboa dyuki ni sehemu ya kazi aliyotumwa. Hazina ya dyuki nayo, kwa shukrani, ilimlipia nguo: joho la kitambaa chekundu kizuri cha Brussels na vazi la juu la kijani, zile rangi za nyumba ya Orléans. Hawakuonana kamwe. Joan alichomwa moto Rouen tarehe 30 Mei 1431, na aliyemlipia joho alibaki kifungoni miaka mingine tisa.

Ama Malindi, mwaka ule wa 1415 ambao Charles alitolewa chini ya maiti za Agincourt, ndio mwaka ambao wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga mbele ya mfalme wa China. Walioko huko walimdhania kuwa ndiye yule mnyama wa baraka wa hadithi zao. Nakutajia hilo ili ujue kwamba wakati jamaa wa Paris wanauana kwa ajili ya kiti kimoja, bandari yako ilikuwa na shughuli za maana zaidi.

Mhariri, salamu nyingi. Mmetaja mashairi na vita, hamkutaja wanawake. Mtu huyu alioa? Mkewe alimngoja miaka 25? Na watoto wangu waniambia wamesoma mtandaoni kwamba ndiye aliyeanzisha salamu za Valentaini kwa kumwandikia mkewe kutoka gerezani. Ni kweli? (Mama wa Langoni, Lamu)

Umetukumbusha vyema, mama. Alioa mara tatu, na hakuna hata ndoa moja aliyoichagua mwenyewe.

Ya kwanza ilifungwa mwaka 1406 yeye akiwa na miaka 11. Bibi arusi, Isabelle, binti wa yule mfalme mgonjwa, alikuwa na miaka 16 na alikuwa amekwisha kuwa malkia wa Uingereza na mjane, kwa maana Richard wa Pili alimwoa akiwa mtoto wa miaka sita. Kumtoa katika umalkia na kumpa mvulana wa miaka 11 hakukumfurahisha, na inasimuliwa kwamba alilia siku ya harusi. Alikuwa binti ami wa bwana arusi, ndoa ambayo kwenu Langoni isingemshangaza mtu, lakini Kanisa lilikuwa limekataza ndoa za binamu na ilibidi Papa atoe ruhusa. Isabelle alifariki akijifungua mwezi Septemba 1409, hajatimiza miaka 20. Mtoto, Jeanne, aliishi.

Ya pili, mwaka 1410, ilikuwa ya askari zaidi kuliko ya arusi. Bonne alikuwa msichana mdogo, na baba yake, bwana wa Armagnac kusini mwa Ufaransa, alikuwa na jeshi ambalo kijana mwenye kisasi alilihitaji. Mkwe huyo alitawala mambo yote hata upande mzima wa Orléans ukaitwa Armagnac. Waliishi pamoja miaka mitano yenye misafara mingi, hawakuzaa, kisha ikaja Agincourt. Bonne hakumwona mumewe tena. Alifariki Ufaransa Charles akiwa bado mateka. Naye Jeanne, binti wa mke wa kwanza, alikuwa na miaka sita baba yake alipochukuliwa, akaolewa mwaka 1424, akafa mwaka 1432. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba hapakuwa na wa kumngoja: aliporudi mwaka 1440 alikuta mke na binti wote wako kaburini.

La Valentaini si kweli, ingawa limeenea. Lipo shairi lake fupi linalomwita mwanamke «Valentina wangu mtamu», lakini katika kitabu chake lipo pamoja na tungo za baada ya kurudi kwao, miaka mingi baada ya ngome ya London. Katika mabaraza ya waungwana palikuwa na mchezo wa tarehe 14 Februari wa kuchagua au kupigiana kura ya mwenzi wa mwaka, na huyo mwenzi wa mchezo ndiye aliyeitwa Valentina. Huenda alikuwa mke wa mwingine. Isitoshe, washairi wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuihusisha siku hiyo na ndege wanaochagua wenzi tangu kabla Charles hajazaliwa. Na mstari wa kwanza wa shairi lenyewe unasema kwamba amekwisha choshwa na mapenzi. Sijui muuza kadi gani angeuchapa huo.

Picha ile inayosambazwa pamoja na uzushi huo, inayomwonyesha dyuki ndani ya ngome ya London akiandika, akichungulia dirishani na kumkabidhi mjumbe barua, ni picha ya kweli ya kitabu cha kale, ila ilichorwa miaka mingi baada ya kifo chake kwa kitabu cha mfalme wa Uingereza. Mchoraji alimweka mtu mmoja mara kadhaa katika picha moja, kama ilivyokuwa desturi yao ya kusimulia.

Mashairi hayo ya Kifaransa yana vina na mizani, au ni maneno matupu yaliyopangwa mistari? (Maalim, Matondoni)

Maalim, yana vyote viwili, na sheria zake ni kali kiasi cha kumridhisha malenga wa Amu. Bahari mbili alizozipenda ni baladi na rondo. Baladi ina beti tatu na kipande kifupi cha kumalizia, beti zote zikitumia vina vilevile, na mstari wa mwisho wa kila ubeti hurudiwa bila kubadilika, sawasawa na kibwagizo chetu. Mizani huhesabiwa, aghalabu minane au kumi kwa mstari. Vina vya kati kama vyetu hawana. Rondo ni fupi zaidi: mistari ya mwanzo hurudi katikati na tena mwishoni, kama mtu azungukaye chumba na kurejea mlangoni, na nadhani haikuwa bure kwamba mtu aliyezoea kuta nne aliipenda bahari hiyo kadiri alivyozidi kuzeeka.

Hakuwa mtunzi wa mambo ya vita. Agincourt, iliyomharibia maisha, karibu haimo. Badala yake anaifanya hali ya nafsi kuwa watu: Huzuni anabisha hodi, Tumaini anachelewa kuleta barua, Moyo amejifungia chumbani hataki kutoka, na tabibu wake ni mmoja aitwaye Kutojali. Anayesoma juujuu huona mchezo wa maneno. Lakini fikiri, Maalim, ni mtu ambaye kila barua yake ilisomwa na mlinzi kabla ya kupita. Kuwapa hisia majina ya watu na kuwaacha wazozane ndani ya kichwa ilikuwa njia ya kusema mengi bila kusema lolote la kumhukumisha. Nasi tuna fumbo kwa sababu zisizo mbali na hizo.

Rondo lake linalofundishwa kwa watoto wa Ufaransa hadi leo linasema kwamba majira yamevua joho lake la upepo, baridi na mvua, yakavaa tarizi ya jua. Tarizi aliifahamu. Mwaka 1414, bado kijana huru mwenye fedha, alilipia vazi ambalo mikono yake ilitariziwa maneno na sauti za wimbo mmoja wa mapenzi, na kila noti ya wimbo ilifanywa kwa lulu nne. Noti zilikuwa 142, lulu 568. Washonaji wa kofia wa mji wako, ambao wanajua gharama ya tundu moja, watajikadiria kazi hiyo.

Alitunga kwa Kifaransa, na kuna kitabu kizima cha mashairi ya Kiingereza kilichohifadhiwa London ambacho wataalamu wengi wanakubali kuwa ni chake. Aliporudi kwao aliendelea na kitabu chake cha mkono huko Blois, na hapo ndipo ninapompenda zaidi: alikiacha wazi. Mkewe aliandika humo, watumishi wake, tabibu wake, wageni waliopita. Mwishoni mwa miaka ya 1450 walishindana kutunga baladi zinazoanza na mstari mmoja, «Ninakufa kwa kiu kando ya chemchemi», na miongoni mwa walioujibu ni François Villon, malenga fukara aliyekuwa ameingia na kutoka jela kwa makosa ya kweli, wizi na kuua mtu ugomvini. Mfungwa asiye na kosa na mfungwa mwenye makosa tele wamo katika kitabu kimoja. Kujibizana kwa namna hiyo, Maalim, hakuhitaji kufafanuliwa mbele yako.

Aliachiliwaje hatimaye, na alipata mtoto wa kiume wa kumrithi? (Msomaji, Malindi)

Aliachiliwa na nyumba iliyomuua baba yake. Jean wa Burgundy naye alikuwa ameuawa mwaka 1419 juu ya daraja la Montereau, na mwanawe, Philippe, pamoja na mkewe Isabella wa Ureno, ndio waliosukuma mazungumzo. Fidia ilipita ekyu 200,000 za dhahabu, zikachangwa na majimbo, jamaa na wakubwa wa Ufaransa. Mwezi Novemba 1440 Charles alivuka bahari, na kabla mwezi huo haujaisha alikuwa ameoa Saint-Omer ndoa yake ya tatu, na Marie wa Cleves, mpwa wa Philippe. Bwana arusi alikuwa na miaka 46, bibi arusi 14. Kisasi cha miaka 33 kilizikwa kwa arusi, kama mashekhe wa zamani wa visiwa vyenu walivyomaliza mengi ya kwao.

Alitarajia kuwa mpatanishi wa falme mbili, lakini mfalme mpya hakumhitaji sana. Mwaka 1447 alikwenda Italia kudai urithi wa mama yake. Milan hakuipata, akaambulia mji wa Asti. Baada ya hapo akatulia Blois. Jambo moja la siasa linastahili kutajwa: mwaka 1458, mkwewe wa zamani, dyuki wa Alençon, yule aliyemwoa Jeanne, aliposhitakiwa kwa uhaini, Charles alisimama mbele ya mfalme huko Vendôme akaomba asiuawe. Alençon alihukumiwa kufa, lakini hukumu haikutekelezwa.

Mtoto wa kiume alizaliwa tarehe 27 Juni 1462, baba akiwa na miaka 67, akaitwa Louis. Charles alifariki Amboise usiku wa kuamkia tarehe 5 Januari 1465, mtoto hajatimiza miaka mitatu. Mwezi Aprili 1498, mwezi uleule ambao merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga katika bandari yako, mfalme wa Ufaransa alikufa bila mwana, na mwana wa yule mateka akawa mfalme Louis wa Kumi na Mbili. Kile alichokihofia Henry wa Tano kikatimia, miaka 76 baada ya Henry mwenyewe kuingia kaburini.

Louis aliagiza kaburi la marumaru kutoka kwa mafundi wa Genoa, ambalo leo lipo katika kanisa la Saint-Denis karibu na Paris. Juu yake wamelala babu yake aliyeuawa, nyanya yake Valentina, baba yake Charles na ami yake mmoja, Philippe. Yule ami mwingine, Jean, mtoto aliyewekwa rehani mwaka 1412, hayumo, alizikwa Angoulême. Lakini Louis naye alikufa bila mwana wa kiume, na aliyekalia kiti cha Ufaransa tarehe 1 Januari 1515 alikuwa François wa Kwanza, mjukuu wa Jean.